Maji ya moto kwa wapangaji: gesi au umeme?

Namalizia fleti nne za kupangisha. Maji ya kuoga yachemshwe kwa gesi au kwa umeme? (Mwenye nyumba, Kabale)

Umeme, mzee wangu. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake unazijua, kwa hiyo weka hita ya tangi, si shawa ya umeme. Tangi la lita 50 hula uniti 2 na nusu hivi kuchemka, na umeme ukikatika usiku, maji bado ni ya moto. Shawa hupoa papo hapo. Gesi haijali umeme kukatika, ni kweli, lakini hita yake hutaka kukaguliwa na fundi kila mwaka. Wewe huishi humo, na wapangaji huhama. Gesi ibaki jikoni.

Bafuni kwetu kuna hita ya gesi. Watoto wakitoka kuoga wanalalamika kichwa na kizunguzungu, ila sisikii harufu ya gesi. Shida ni nini? (Mama wa watatu, Bombo)

Mama, izime sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Fungua madirisha, wapeleke watoto kituo cha afya, na umweleze daktari habari ya hita hiyo.

Ile harufu unayoijua hutiwa kwenye gesi ili ikivuja tugutuke. Ninachokihofia hapa ni kaboni monoksidi, ambayo hutokea gesi inapoungua pasipo na hewa ya kutosha. Haina harufu, haina rangi, na inaua. Mara nyingi utakuta mwali wa manjano badala ya bluu, masizi kwenye kifuniko, au tundu la hewa limezibwa kwa kavera (mfuko wa plastiki) ili baridi isiingie. Hata usipoyaona hayo, usiiwashe tena. Hita ya namna hiyo ifungwe nje ya nyumba, maji ndiyo yaingie ndani kwa bomba. Mwandikie mwenye nyumba barua, ubaki na nakala. Akikwambia ufungue dirisha tu na uendelee kuoga, usikubali.

Wapangaji wangu sita wanatumia mita moja ya Yaka (umeme wa kulipia kabla). Nikiweka hita, si watagombana? (Kawempe)

Watagombana, na wote wataumia mfukoni. Bei ya umeme wa majumbani ina uniti 15 za mwanzo za bei nafuu kila mwezi, na tangu 2022 kuna bei nafuu ya kupikia kwa uniti za 81 hadi 150. Nafuu hiyo hutolewa kwa mita, haiangalii idadi ya watu. Nyumba sita zikichangia mita moja, zinagawana uniti 15 hizo, kisha zinapita uniti 150 kabla mwezi haujaisha. Omba mita sita UEDCL, shirika la serikali lililochukua usambazaji wa umeme Uganda kutoka kampuni ya Umeme mwaka 2025. Hita zisubiri mita.

Shawa ya umeme naweza kuichomeka kwenye soketi? (Mpangaji, Jinja)

Hapana, ndugu yangu. Shawa ya kilowati 5 huvuta ampea 21 hivi, na mwisho wa soketi ni 13. Ivutiwe waya wake mnene kutoka kwenye boksi la umeme, na swichi yake. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, usikosekane: fundi akisema si lazima, tafuta mwingine.