Guus Hiddink, kocha wa soka Mholanzi: maswali yenu manne

Hivi huyu mzee kafundisha nchi ngapi?
Timu za wakubwa ni sita: Uholanzi kwao (mara mbili), Korea Kusini, Australia, Urusi, Uturuki na Curaçao, halafu akashika na vijana wa China. Klabu ndo usiseme, kuanzia PSV aliyoipa Kombe la Ulaya 1988 kwa penati mbele ya Benfica, mpaka Valencia na Real Madrid.

Korea Kusini ya Kombe la Dunia 2002 si ilibebwa na marefa tu?
Kilio cha Waitaliano waliotolewa na Korea nakijua, na lile goli lao la Tommasi lililokataliwa mimi naona lilikuwa halali kabisa. Ila rudi nyuma kidogo jamani. 2001 Korea ilipigwa 5-0 na Ufaransa, miezi mitatu baadae ikapigwa tena 5-0 na Czech, kule Korea wakambandika Hiddink jina la Tano Bila, yeye kakomaa na mazoezi ya pumzi tu. Na Korea mdogo hamsemeshi mkubwa ovyo, hata kula wachezaji walikuwa wanakaa kwa umri, akavunja hiyo, akataka uwanjani dogo amuite mkubwa wake kwa jina tu.

Sasa itazame ile mechi ya Italia pale Daejeon. Vieri kafunga mapema, muda unaenda, Hiddink katoa beki Kim Tae-young, katoa kiungo mkabaji Kim Nam-il, dakika ya 83 akamtoa hadi nahodha Hong Myung-bo ambaye ndo nguzo ya ulinzi, wote wakaingia washambuliaji! Dakika ya 88 Seol akasawazisha, na ya 117 Ahn Jung-hwan, yule yule aliyekosa penati mwanzoni, akaruka kichwa, bao la dhahabu (enzi hizo bao la kwanza la muda wa nyongeza linamaliza mechi), mechi imeisha. Zile sabu hakuna refa aliyempangia.

Kweli aliwatoa Waholanzi wenzake?
Kweli, Euro 2008 robo fainali kule Basel, akiwa kocha wa Urusi, akawapiga 3-1 baada ya dakika 120. Mshambuliaji wake Arshavin siku ile aliwakimbiza hadi huruma.

Mbona mashabiki wa Chelsea wanampenda hivyo?
Kwa sababu 2009 alikuja kuokoa jahazi miezi mitatu tu na kwenye ligi akapoteza mechi moja, dhidi ya Tottenham. Klabu bingwa Iniesta wa Barcelona akawatoa dakika ya 93, ile mpaka leo inaniuma. Fainali ya Kombe la FA nayo Saha wa Everton kafunga sekunde ya 25, watu hawajakaa hata vizuri, lakini Drogba akarudisha na Lampard akamaliza, 2-1, mzee kaondoka na kombe lake.