Wana mabilioni ya dola na bado wanataka ada?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nauza mitumba pale Memorial, Moshi. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo, kila semista ikianza ananitumia kontroo namba afu ndo naanza kukimbizana na vikoba. Juzi kijana mmoja wa meza ya jirani kanionyesha kwenye simu eti Harvard ya Marekani ina dola zaidi ya bilioni 50 zimekaa tu, na bado wanatoza ada na bado wanawaomba waliosoma pale wachangie. Hiyo si roho mbaya? (Mama Neema, Pasua)

JIBU: Marahaba mama Neema. Kijana hajakudanganya, mwaka 2024 mfuko wao ulikuwa kama dola bilioni 53. Ila hilo la kukaa tu ndo lina neno. Chukulia kihamba cha baba mkwe, hukiuzi hata ada ikubane vipi, unakata mkungu unapeleka sokoni, migomba inabaki ya wajukuu. Na wao ndo hivyo, hela imewekezwa, kila mwaka wanachota kama asilimia 5 basi. Na nyingi ina masharti ya aliyetoa, hii mishahara ya maprofesa wa somo fulani, ile maktaba, yaani kama mzee aliyeusia kwamba migomba ya kando ya mfereji ni ya kitindamimba peke yake, uiguse uone ukoo utakavyokuitia kikao.

Na ada yenyewe hawalipi wote. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 familia yenye kipato kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka hailipi ada ya masomo pale, kwa hiyo Neema angesoma bure kabisa, shida ni kupenya tu mlangoni 😅

Kuna na mama mmoja, Ruth Gottesman, 2024 alitoa dola bilioni moja kwa chuo cha udaktari cha Bronx, New York, alichowahi kufundisha, zilikuwa hisa alizoachiwa na marehemu mumewe, na ada ikafutwa. Sisi huku kadi ya sendoff inajaa wiki moja, ya ada mtu anakwambia nitakucheki.

Vyuo vyetu vingi havina kihamba, vinakula ada. Neema aliomba Bodi ya Mikopo? Hata wanaoendelea na masomo wanaruhusiwa kuomba dirisha likifunguliwa, aanzie kwa afisa mikopo wa chuo, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema maana siku za mwisho mtandao hua unagoma.