Mzazi asiye Mkatoliki katika komite ya shule

Mama, umeuliza kama wewe wa kanisa lingine unaweza kuingia komite ya wazazi kwenye shule ya Kikatoliki hapa Bukavu. Kwetu Kadutu hilo halikuzuii: uwe na mtoto pale, kisha wazazi wenzako wakuchague kwenye mkutano mkuu. Ila usichanganye mambo mawili. KOPA ni komite ya wazazi wenyewe. KOGES ndiyo inasimamia shule: mkuu wa shule, yaani direkta au prefe, anaiongoza, walimu wamo, na wazazi wanatuma wajumbe wao. Huko ndiko feza inakojadiliwa, kwa hiyo daftari la matumizi uombe ulione kwa macho yako, usikubali kusomewa tu. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, na hizi za mapadri zimo kwa sababu ya ule mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa. Basi mtu akileta mchango mpya "wa hiari", uliza nani ameuamua. Mwalimu akiwashinda hamumfukuzi ninyi, mnafikisha neno kwa wakubwa wake. Na mshahara hakuna, mama. Ni vikao tu, tena mara nyingi siku ya soko.