Kwa nini Abramu alipasua wanyama

Ndugu, umeuliza kwa nini Mungu alimwagiza Abramu apasue wanyama katika Mwanzo 15. Hiyo haikuwa sadaka ya kawaida, ilikuwa namna ya kula kiapo. Anayefanya agano alipita katikati ya vipande, kana kwamba anasema: nikivunja neno langu, na yanipate haya. Yeremia 34 inaonyesha wazi: wakuu wa Yuda walipita hivyo wakaahidi kuwaacha huru watumwa wao, kisha wakawarudisha utumwani, na nabii akawatangazia hukumu.

Sasa rudi kwa Abramu. Ndama, mbuzi na kondoo wamepasuliwa, vipande vimepangwa vikielekeana, yeye anafukuza ndege wanaoshukia nyama. Jua linapokuchwa usingizi mzito unamshika. Kinachopita katikati ni tanuri la moshi na mwenge wa moto, ishara ya Mungu mwenyewe. Abramu hapiti! Mungu peke yake anajifunga kwa kiapo, kwa mzee asiye na mtoto aliyekuwa ameuliza kuhusu nchi aliyoahidiwa, “Nitajuaje?” Hapo ndipo moyo wangu husimama kila nikisoma. Tohara inakuja baadaye, sura ya 17, kama ishara ya agano.