Bakteria wa saileji, napigwa?

SWALI: Shikamoo dokta, nafuga ng'ombe wa maziwa Kigamboni, nataka kutengeneza saileji (malisho yanayochachushwa bila hewa ili yasioze) ya mabua ya mahindi, dukani wananiuzia unga wa bakteria, unasaidia kweli au napigwa?

JIBU: Marahaba. Hupigwi, ila hao bakteria wanakula sukari ndo watoe asidi ya laktiki, pH (kipimo cha uchachu, ikishuka ndo uchachu umezidi) ikifika kwenye 4 hivi wale bakteria waozeshaji wanashindwa, sasa mabua yakishakauka sukari imeisha, watakula nini? Kata yakiwa bado na ubichi, unyevu asilimia 60 hadi 70, changanya molasesi (ule uji mweusi mtamu unaobaki kwenye kutengeneza sukari) wapate chakula. Halafu maji ya kukorogea huo unga, ya bomba yana klorini (dawa ya kuua vijidudu), inawaua hao bakteria wako, yaache wazi usiku kucha kwanza. Shindilia hewa yote itoke, hapo ndo wengi wanazembea aisee, funika, fungua baada ya wiki nne.