Tukio Moja, Tanzu Nne: Ushauri kwa Anayejifunza Kuandika

Vijana wanaoniletea miswada yao huniuliza mara kwa mara waanze na utanzu upi, ushairi, hadithi fupi, tamthilia au riwaya, kana kwamba mtu hana budi kuchagua mapema na kubaki alipochagua. Ushauri wangu ni tofauti. Chukua tukio moja unalolifahamu vizuri, uliandike katika tanzu zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu kila utanzu humlazimisha mwandishi kutazama upande wa tukio ambao tanzu nyingine zilimruhusu kuupita. Waandishi wetu wakubwa hawakujifungia katika chumba kimoja. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika mashairi, tenzi, insha, wasifu na hadithi ndefu. Euphrase Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed nao wametuandikia riwaya, mashairi na tamthilia. Siamini kwamba huo ulikuwa wingi wa vipaji tu. Naamini kila utanzu uliwafunza jambo walilolitumia katika mwingine.

Tukio nililojifunzia mimi ni la kawaida kabisa katika vijiji vya pwani: baba anauza shamba la minazi ili mtoto aendelee na shule. Nilianza na shairi la tarbia, na ningependa kila anayeanza aanze hapo, hata kama ndoto yake ni riwaya. Katika tarbia, kila ubeti una mishororo 4, na kwa kawaida kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16 zilizogawanywa sawa, 8 katika ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 katika utao (nusu ya pili), huku vina, yaani silabi za mwisho za kila nusu, vikilingana katikati na mwishoni. Sasa tazama kinachotokea. Katika nathari, yaani maandishi yasiyo ya ushairi, ningeandika hivi: “Baba alikuwa ameamua kuliuza shamba la minazi ambalo tulikuwa tumelirithi kutoka kwa babu yetu.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini imejaa maneno yasiyofanya kazi. Mizani hazikuyakubali, nikabaki na mishororo ya namna hii:

Baba auza minazi, shamba letu laondoka,
Mama hadondoshi chozi, moto jikoni wawaka.

Babu ametoweka, kuamua kumetoweka, na “ambalo” limekwenda zake. Kilichobaki ni tendo. Tena kina cha “-zi” ndicho kilichonipeleka kwenye chozi, na chozi likanipeleka kwa mama, ambaye hadi wakati huo sikuwa nimemfikiria. Hii ndiyo faida ya kanuni ambayo wanaozikimbia hawaipati: kina humwongoza mwandishi mahali ambapo mawazo yake ya kawaida yasingemfikisha, ilimradi akatae neno linalofaa kwa sauti tu na kuendelea kutafuta hadi sauti na maana vikutane. Hesabu mizani kwa vidole, kwa sauti, silabi moja moja, na kumbuka kwamba “m” katika neno kama “mzizi” ni mizani kamili.

Kuhusu ushairi huru, mjadala ulikuwa mkali katika miaka ya 1970, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, na wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba maandishi yasiyo na vina wala mizani si mashairi. Mimi siko upande huo. Hata hivyo, humshauri mwanafunzi aandike kwanza kwa vina na mizani, kwa kuwa kanuni hizo zikiondolewa, mshairi hubaki na maswali magumu zaidi: mshororo ukatwe wapi, pumzi ipumzike wapi, na kwa nini hapo. Sikio ambalo halijazoeshwa kuhesabu hukata mishororo kwa kubahatisha.

Kabla ya kuuacha ushairi, jaribu pia utenzi, ambao wengine huuita utendi. Mizani zake 8 kwa kila mshororo ni chache, beti zake huweza kufika mamia, na kwa hiyo unafaa sana kwa kusimulia hatua kwa hatua. Funzo kubwa nililolipata huko limetoka kwa Mwana Kupona binti Msham, aliyemwandikia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Katika utendi ule unajua wakati wote nani anasema na nani. Mwandishi anayemjua msikilizaji wake hapotezi muda kueleza ambayo msikilizaji anayajua tayari.

Funzo hilo ndilo linalohitajika zaidi katika tamthilia, na hapo ndipo nawaona wanaojifunza wakikwama. Jukwaani hakuna msimulizi wa kutueleza kwamba mama ana uchungu, basi mwandishi mchanga humtwika mhusika kazi ya msimulizi: “Mume wangu, kama unavyojua, shamba hili tulilirithi kutoka kwa baba yako, na binti yetu amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano.” Hakuna mke anayezungumza hivyo na mumewe. Mjaribu mhusika wako kwa swali moja: ana sababu gani ya kusema neno hili, kwa mtu huyu, sasa hivi? Nilipoliuliza swali hilo, mama akasema hivi: “Baba Salma, yule dalali ameanza kuhesabu minazi. Nimpelekee maji ya kunywa?” Na mumewe akajibu: “Mpelekee.” Katika maneno hayo machache kuna ukarimu, kuna heshima, na kuna mtu anayejilazimisha kumtendea wema anayekuja kumwondolea mali yake. Mwigizaji akipewa maneno hayo atajua la kufanya na mikono yake.

Ukitaka kuona jinsi mazungumzo yanavyoweza kubeba jambo zito, soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo tamthilia hiyo inavihusu, vilienea eneo kubwa la kusini mwa Tanganyika, na hakuna jukwaa linaloweza kuvibeba. Kinachobebwa ni watu wanaobishana juu ya neno lililokwisha kusemwa na namna linavyomponyoka aliyelisema. Soma pia michezo ya redio ikiwa utaipata, kwa kuwa huko hata uso wa mwigizaji hauonekani.

Hadithi fupi hudai uteuzi. Ungetamani kueleza historia ya shamba, ugonjwa wa babu, tabia ya dalali na ada ya shule, lakini nafasi ni ya asubuhi moja. Mimi humshauri mtu aandike rasimu nzima, kisha atafute aya ambamo jambo la kwanza lisiloweza kurudishwa nyuma linatendeka, na ajaribu kuanzia karibu na hapo. Katika kisa changu, hapo ni pale baba anapotia sahihi hati ya mauzo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mengi ya nyuma yake yaliweza kuingia kwa sentensi moja moja, na yaliyokosa nafasi hayakuhitajika.

Riwaya siwezi kuifundisha katika makala fupi. Nitasema tu kwamba huuliza swali ambalo tanzu nyingine huweza kulikwepa: baada ya miaka kumi, je? Binti aliyesomeshwa kwa minazi ile anaporudi na kukuta nyumba ya mtu mwingine, anamwambia nini baba yake? Tenga daftari la umri wa wahusika, misimu, majina ya watu na ya mahali, kwa sababu kumbukumbu haitoshi kubeba kazi ya miaka miwili au mitatu.

Kila rasimu itafutie msomaji anayeifaa. Shairi msomee mtu mzima aliyekulia miongoni mwa malenga, asiyehitaji karatasi ili kusikia mizani iliyopungua. Tamthilia wape watu wawili waisome kwa sauti nawe ukae kimya, usiwaelekeze, uweke alama kila wanapojikwaa. Hadithi mpe mtu asiyejua lolote kuhusu tukio lenyewe, na usimuulize kama imempendeza. Muulize ni ukurasa gani aliouweka chini, na alipouweka alikuwa anawaza nini.