Anayeanza Kunyanyua Vyuma Aongeze Kilo Ngapi, na kwa Kasi Gani?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na vijana wanaoanza mazoezi katika banda letu la vyuma hapa Ngamiani, mjini Tanga, ni hili: niongeze uzito kila baada ya muda gani, na niongeze kilo ngapi? Jibu langu ni fupi. Ongeza kila siku ya mazoezi, lakini ongeza kidogo kuliko unavyojiona unaweza. Ufafanuzi wake ndio mrefu, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa jibu hilo baada ya kuumia mgongo.

Nilianza nikiwa na umri wa miaka 31 na uzito wa kilo 64. Katika wiki tatu za mwanzo nilitoka kwenye chuma kitupu, yaani kisichotiwa sahani za uzito, hadi kuchuchumaa na kilo 60 mabegani, wenzangu wakanisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ijumaa moja nilikuwa nanyanyua chuma kutoka chini, nikatoka kilo 80 moja kwa moja hadi 100, kwa sababu tu sahani ndogo zilikuwa zinatumiwa na mwenzangu na zile za kilo 10 zilikuwa karibu na mguu wangu. Nilipokuwa nanyanyua mara ya tatu mgongo ulipinda, nikahisi kitu kimenikaza ghafla juu ya kiuno. Kwa siku 16 niliswali nikiwa nimeketi kwenye kiti, kwa kuwa sikuweza kurukuu wala kusujudu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nguvu za wiki za mwanzo ni misuli iliyokwisha kuota. Sehemu kubwa ya nguvu hizo hutokana na mishipa ya fahamu, ambayo inajifunza kuiamsha misuli mingi kwa wakati mmoja na kuipanga ifanye kazi pamoja. Misuli yenyewe hukua baadaye, na kano zinazoishikiza kwenye mifupa huchelewa zaidi. Kwa hiyo mtu anayeanza hujiona ana nguvu za kubeba kilo 100 wakati kano zake bado ni za mtu wa kilo 60. Pengo hilo ndilo linaloumiza watu, na dawa yake ni kupanda kwa hatua ambazo kano nazo zinaweza kuzifuata.

Sasa nije kwenye hesabu. Kwa anayefanya mazoezi siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa seti tatu za mara tano (yaani ananyanyua mara tano, anapumzika, na kurudia hivyo hadi mafungu matatu), napendekeza aanze na uzito anaoumudu bila kukunja uso, hata kama ni chuma kitupu. Katika kuchuchumaa aongeze kilo 5 kila siku ya mazoezi kwa wiki mbili za mwanzo, kisha ashuke hadi kilo 2.5. Kunyanyua kutoka chini kunaweza kubeba kilo 5 kwa muda mrefu kidogo, kwa kuwa miguu, nyonga na mgongo hufanya kazi pamoja. Kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi kunataka kilo 2.5, na baada ya wiki chache 1.25. Kusukuma juu ya kichwa ndiko kugumu kuliko kote, kwa sababu mabega ni misuli midogo. Hapo kilo 1 inatosha, na kwa wanawake wengi nusu kilo. Kilo 2.5 kila siku ya mazoezi ni kilo 7.5 kwa wiki na kilo 90 kwa miezi mitatu, kwa hiyo anayelalamika kwamba huo ni mwendo wa kinyonga akae kwanza apige hesabu.

Tatizo kubwa katika mabanda yetu ni sahani zenyewe. Kwetu sahani ndogo kabisa ilikuwa ya kilo 5, na kwa kuwa sahani huwekwa pande zote mbili, hatua ndogo kabisa ilikuwa kilo 10. Kwa mtu anayesukuma kilo 30 juu ya kichwa, hiyo ni theluthi nzima ya mzigo wake, na hakuna bega la mwanafunzi linaloweza kupanda hivyo kwa siku moja. Nilichofanya ni kushona vifuko vya turubai, nikavijaza mchanga mkavu wa pwani, kisha nikaenda navyo kwa muuza duka wa mtaani kwetu, akanipimia kwenye mizani yake gramu 500 kwa kila kifuko. Nikivifunga viwili, kimoja kila upande, naongeza kilo 1 kamili. Mwenye uwezo anaweza kumwendea fundi wa kuchomelea akatiwe visahani vya bati nene, lakini vifuko vile havikunigharimu chochote zaidi ya uzi, na ninaviona kuwa na faida kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Mkiwa pale kwenye mizani, pimeni na chuma chenyewe. Chuma cha mashindano cha wanaume kina kilo 20 na cha wanawake kilo 15, lakini chetu kilikuwa bomba lililokatwa na fundi, na sote tuliamini kuwa lina kilo 20 hadi tulipolipima tukakuta 12.

Namba za kwenye daftari, hata hivyo, hazitoshi kuamua. Kigezo changu ni kwamba mara ya tano ifanane na mara ya kwanza. Ikiwa imepungua kasi kidogo, hakuna ubaya. Lakini magoti yakiingia ndani, visigino vikiinuka au mgongo ukipinda, uzito haupandi siku inayofuata, unarudiwa uleule. Mwombe mwenzako akupige video kwa simu kutoka ubavuni, kwani mgongo wako mwenyewe huuoni. Jifunze pia kutofautisha uchovu na jeraha: misuli inayouma kesho yake pande zote mbili na kupoa ndani ya siku mbili au tatu ni jambo la kawaida, ilhali maumivu makali ya sehemu moja karibu na kiungo yanakutaka uweke chuma chini saa ileile.

Kasi hii yote hutegemea chakula na usingizi. Hapa Tanga hatuna udhuru mkubwa, kwa kuwa samaki, dagaa, maharage na maziwa vinapatikana. Mwezi wa Ramadhani ni habari nyingine: mimi hufanya mazoezi usiku baada ya tarawehe, mara mbili kwa wiki, na siongezi hata kifuko kimoja. Kubaki na uzito uleule hadi Idi ni kazi ya kutosha.

Itafika siku uzito utagoma. Ukishindwa kukamilisha seti zako siku tatu mfululizo kwa uzito uleule, punguza sehemu moja ya kumi, yaani ukiwa na kilo 80 rudi 72, kisha panda upya kwa hatua ndogo. Ukigonga ukuta palepale mara ya pili licha ya kula na kulala vizuri, basi mwendo wa kuongeza kila siku ya mazoezi umekwisha, na sasa unaongeza mara moja kwa wiki. Mimi, nilipopona na kuanza tena na kilo 40 za kuchuchumaa, nilifika hapo katika mwezi wa tano tangu nianze tena, nikiwa na kilo 95, na tangu wakati huo daftari langu lina ongezeko moja tu kila wiki, la Jumatatu.